Pengo la Mstari wa Kwanza

Jumapili, 15 Septemba 1996

Daftari hili lilikuwa la binti yangu Mildred. Kurasa za mbele alichora ramani za Afrika, akazing'oa. Mimi nimebaki na za nyuma. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisemanga nina mwandiko mzuri. Niliishia hapo, la nne. Baba alisema miwa haingoji shule.

Sijui naandikia nani. Hakuna mtu. Lakini nimetoka na jambo kanisani, na nikimwambia Mildred atakosa kulala, na nikimwambia mama mkwe — huyo ndiye siwezi kabisa.

Baada ya misa mzee Chrispinus, mwenyekiti wa sosaiti yetu ya kahawa, alinisimamisha. Akauliza habari za watoto. Akauliza habari za mama. Akauliza habari za kuku. Hapo nikajua kuna jambo, mtu mzima haulizi kuku bure. Mwishowe akasema wanasafisha rejista. Namba za wanachama waliokufa zinahamishwa kwa walio hai. Yetu ni mia mbili kumi na nne. Ni ya Onesmus, mume wangu. Onesmus ana miaka minne sasa pale nyuma ya nyumba, chini ya msalaba wa simenti.

Nikauliza itahamishwa kwa nani. Akasema kwa aliyepanda kahawa. Ndiyo kanuni ya sosaiti tangu mwanzo. Akanipa mkono tena, akaenda.

Kwa aliyepanda.

Nimesonga obusuma, ugali wetu, ukashika chini, sufuria nzima inanuka moshi. Watoto wamekula hivyo hivyo. Wananijua.

Jumanne, 17 Septemba

Tumepeleka kahawa faktori. Mimi debe moja kichwani, Mildred moja, halafu akakimbia shule.

Pale wanaume wanasimama kwa mizani. Sisi tunakaa chini kwenye magunia, miguu imenyooshwa, tunachambua: nyekundu huku, ya kijani huku, iliyotobolewa na wadudu huku. Karani haiti majina. Anaita namba za waume. Mia na saba, leta! Tisini na mbili, leta! Tumezoea mpaka tunaitana hivyo hata sokoni. Rafiki yangu Tisini na Mbili alipolazwa mwaka mmoja nilifika hospitali nesi akaniuliza namtafuta nani. Nikasema Tisini na Mbili. Akaniambia mama, vitanda viko thelathini tu.

Bado nacheka nikiandika. Siku ya kwanza kuitwa Mia Mbili Kumi na Nne ilikuwa 1982, mavuno ya kwanza, Mildred mgongoni. Niliona kama nimetawazwa. Nilitembea mpaka kwenye mizani nikiwa nimenyoosha shingo, kitoto kinavuta kitambaa cha kichwa. Onesmus alikuwa amesimama upande wa wanaume, anajifanya haniangalii.

Leo karani akasema Mia Mbili Kumi na Nne inaenda likizo. Mwanamke mmoja akauliza sasa mjane bila namba ataitwaje. Mwingine akajibu: Sifuri. Wakacheka. Nami nikacheka, nikachambua haraka haraka, nikatupa nzuri kwa mbaya.

Halafu akaja Madam Nekesa, wa ofisi ya ushirika huko Kakamega mjini. Hakwenda kwa wanaume. Alikunja sketi akaketi na sisi guniani, akaanza kuchambua, tena anajua. Akauliza ni nani hapa ana namba yake mwenyewe. Tukaangaliana. Akasema mikono yote iliyo kwenye kahawa hii ni ya wanawake, lakini kwenye rejista yote, kati ya majina zaidi ya mia tatu, wanawake ni wanne. Akasema serikali haimkatazi mjane kuandikwa. Asimame tu kwenye mkutano aseme kahawa ni yake. Tisini na Mbili akauliza, hata kama aliyepanda ni mwanaume? Madam Nekesa akasema hiyo kanuni ni ya sosaiti yenu, siwezi kuifuta leo. Lakini jiulizeni ni nani hasa alipanda.

Hata waliokuwa wakitafuna miwa waliacha.

Kwa sababu kwetu mwanamke hapandi mti. Mahindi atapanda, maharagwe, viazi, mboga. Mti hapana. Mti unasema nchi ni ya nani. Mwanamke akipanda mti mume wake anakufa, au tumbo lake linafunga. Nilikua nikijua hilo kama ninavyojua moto unachoma. Na kahawa ni mti.

Sasa niliandike, kwa sababu sijawahi kulisema popote, hata kwa padri. Kahawa ile nilipanda mimi.

Jumatano, 18 Septemba

Phanuel amefika. Mdogo wake Onesmus. Miaka tisa sasa anakata miwa huko Kabras, anakuja sikukuu na misiba. Amemletea mama leso na sukari, watoto mkate. Anacheka kama ndugu yake, kwanza anafunga macho ndiyo kicheko kinatoka. Kila akicheka nashika kitu.

Amekunywa chai, akasema mulamwa, yaani shemeji, usiwe na wasiwasi. Namba itakuja kwake, mimi nitaendelea kuchuma kama kawaida, hakuna anayenifukuza. Ila kahawa imezeeka. Kule Kabras miwa ni kupanda na kukaa. Akishapata namba ataomba ruhusa ya kung'oa, maana ruhusa anapewa mwenye namba peke yake, na atapanda miwa kutoka hapa ghalani mpaka kijitoni. Akasema hata yeye itamuuma, si ni yeye aliyeipanda?

Hadanganyi. Hilo ndilo linaloniua. Anaamini kabisa.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

Mimi nimezaliwa ndani ya miwa. Kwetu Kabras ukifungua mlango ni miwa, ukienda choo ni miwa. Mama yangu alipanda sukuma wiki kwenye karai lililotoboka kwa sababu ardhi yote ilikuwa imeliwa. Nilipoolewa huku Malinya kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba naweza kuona mbali.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumechuma tangu umande. Mikono inanata. Nimekaa sasa mlangoni, watoto wameenda kuteka maji, na kichwa chote kiko 1979.

Nilikuwa na mwaka mmoja kwenye boma hili. Onesmus alikuwa kibarua wa reli Kisumu, anarudi mwisho wa mwezi. Mwezi wa tatu alileta miche ya kahawa, mia na themanini na mmoja, kwenye makaratasi meusi. Akaipanga kivulini pembeni ya ghala, akaifunika majani ya mgomba. Akasema mwezi wa nne nitaomba likizo nije niipande. Mashimo tulichimba sisi, mimi na mama mkwe. Kuchimba si kupanda, kuchimba mwanamke anaruhusiwa!

Mvua ikaja. Likizo haikuja. Wiki ya kwanza, ya pili. Majani yakaanza kujikunja. Nilikuwa naamka naenda kuiangalia kama mtu anayeangalia mtoto mwenye homa. Mama akawa anazunguka pale, anarudi. Kisha asubuhi moja, ukungu hata jikoni huoni, akanigusa bega. Akasema, Mukabrasi — ananiita hivyo mpaka leo, mtu wa Kabras — amka, tunapanda.

Nilimwambia naogopa. Akasema hata yeye anaogopa, tutaogopa tukiwa tunafanya kazi.

Kwanza alimwita Phanuel. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, usingizi umemjaa. Mama akaweka mche kwenye shimo la kwanza, lile la karibu na ghala, akarudisha udongo, akamwambia mwanangu, kanyaga hapa. Phanuel akakanyaga kwa mguu mtupu, kwa nguvu zote, kama anaua nyoka. Vidole vyake vikabaki vimechorwa kwenye udongo. Mama akasema basi, mguu wa mwanaume umefungua shamba. Rudi ukalale.

Akarudi akalala. Na sisi wawili tukapanda mia na themanini iliyobaki. Mama anashika shina, mimi napiga magoti nashindilia kwa viganja. Asubuhi tatu, kabla ukungu haujatoka. Hatukuzungumza ila mara moja, mama alisema una mikono mizuri.

Ule mche wa Phanuel ulikauka baada ya wiki tatu. Alikuwa ameukanyaga mno, akaufukia shingo. Yeye wakati huo alishaenda Mumias kutafuta kazi. Tuliung'oa tukautupa jikoni ukachemsha chai.

Onesmus aliporudi alisimama barabarani muda mrefu. Alituangalia mikono. Alijua. Jioni wanaume walipomuuliza akasema ndugu yangu Phanuel amenisaidia. Alisema kwa sababu yangu. Uongo wote huu ulianzia kwenye mapenzi, nani angekataa?

Kisha alinitembeza mstari kwa mstari. Alikuwa anagusa kila mche kwa kidole kimoja. Akasema, mkulima. Tangu siku hiyo tukiwa wawili aliniita hivyo tu. Lile pengo karibu na ghala hakulipanda tena. Aliweka kiti chake pale. Kila mwisho wa mwezi anakaa kwenye pengo, kikombe mkononi, kahawa upande huu na upande huu, anaangalia barabara. Aliniambia siku moja ataenda ofisini abadilishe jina. Nilimwambia nyamaza, watu watasikia.

Watoto wamerudi. Wamemwaga nusu ya maji.

Jumatatu, 23 Septemba

Phanuel amepima kwa hatua kutoka ghalani mpaka kijitoni. Nimehesabu pamoja naye, ndani, midomo imefungwa. Mia na tisa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkutano mkuu, uwanja wa faktori. Wanaume kwenye viti, sisi kwenye nyasi.

Walisoma namba za marehemu moja moja. Ilipofika yetu Phanuel alisimama, ameshika kofia kifuani. Aliongea vizuri. Alisema marehemu ndugu yangu alikuwa mbali, mimi ndiye nilifungua shamba lile kwa mguu wangu, hata marehemu mwenyewe alilisema mbele ya watu. Wazee wakaitikia, ni kweli, tulimsikia. Mzee Chrispinus akauliza kama kuna mwenye neno.

Madam Nekesa alikuwa pale mbele na faili lake. Aligeuza tu uso akatuangalia sisi wa kwenye nyasi.

Nikasimama. Nasema kweli, nilisimama. Miguu ilinyooka yenyewe. Nikaona uso wa Mildred kwenye ua, alikuwa ametoroka shule kuja kusikiliza. Nikawaza: nikisema nilipanda, kesho yake watauliza Onesmus alikufa kwa nini. Wataacha kusema ni kifua. Watasema ni miti. Watamwonyesha Mildred kidole akipita, mtoto wa yule aliyempanda mume wake kaburini. Na mama mkwe atasikia, yeye aliyemzaa.

Nikasema nashukuru kamati kwa viti.

Kwa viti! Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi.

Walicheka kidogo, si kwa ubaya. Nikaketi. Madam Nekesa akaomba kamati isiandike kwanza, ije ione shamba kwa macho. Mzee Chrispinus anapendanga kuonekana anasikiliza, akakubali. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na moja. Baada ya hapo ni kalamu tu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mildred ameniuliza, mama, kwani ni nani alipanda? Nimemwambia kula.

Jumapili, 6 Oktoba

Mwandiko wa leo mwalimu angeukataa.

Baada ya chakula Phanuel alienda kutembea. Mama mkwe akaniita nikae naye kwenye mkeka, tumenye mahindi. Akaanza mbali kabisa, mambo ya ndoa yake, jinsi alivyoletwa boma hili hata kanzu moja hana. Mimi najibu ndiyo mama, ndiyo mama. Kisha akasema kwamba alisikia habari ya viti.

Nikaanza kulia. Sikupanga. Nikamwambia mama, nimekuwa nikijiuliza miaka minne. Kila nikichuma najiuliza kama namchuma yeye. Nikamwambia nimekuwa nikifikiri wewe ukiniangalia unaniona mimi niliyempoteza mwanao.

Aliacha kumenya. Akaniangalia kama vile nimeongea Kizungu.

Akasema yeye miaka minne amekuwa akifikiri mimi ndiye ninayemlaumu. Si ni yeye aliyenigusa bega? Si ni yeye alisema amka? Ndiyo maana hakuweza kulitaja shamba lile mbele yangu. Ndiyo maana akisikia Phanuel akijisifu anachambua mchicha.

Miaka minne! Chumba na chumba, ukuta mmoja wa udongo, kila mtu na woga wake.

Tukakaa. Kuku wakaja wakala mahindi kwenye mkeka, hatukuwafukuza. Kisha akasema jambo ambalo nataka liwe hapa vile lilivyosemwa, nisije nikalisahau.

"Mukabrasi, nilizika watoto wanne kabla ya Onesmus. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mti."

Nilijua wawili tu. Hakuwahi kuniambia wale wengine.

Nikamwomba aje aseme mbele ya kamati. Akatikisa kichwa. Yeye hana namba, shahidi lazima awe na namba, na bibi kizee akisema kinyume cha mwanawe watasema akili imechoka. Akasema maneno wameyasikia mengi. Waone.

Nikauliza waone nini. Akasema pale kwenye pengo panda mmoja. Mchana. Watu wakipita. Halafu kesho yake uamke, watoto waamke, Phanuel aamke, mimi niamke kama Mungu akipenda, na kamati ituhesabu.

Nikasema mama, mwiko je?

Akasema, "Mume wa kufa huna. Tumbo lako lilishamaliza kazi. Huo mwiko utakula nini kwako?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilimpiga mgongo huku nalia huku nacheka. Phanuel aliporudi akauliza kuna nini, mama akasema mambo ya wanawake.

Jumanne, 8 Oktoba

Mche nimepata. Kitalu cha sosaiti hakimpi mwanamke asiye na namba, kwa hiyo Tisini na Mbili alinichukulia. Ameuleta kwenye kikapu, juu ameweka sukuma wiki. Anasema mume wake leo amenunua mche wa kahawa, ila mwenyewe hajaambiwa.

Nikamwambia ninataka kuufanyia nini. Aliketi chini kabisa. Baadaye akasema, hata mimi. Nikauliza hata wewe nini. Akasema ile yetu ya upande wa juu, mwaka wa themanini na nne. Mume alikuwa amevunjika mguu.

Tukaangaliana. Sasa najiuliza ni mashamba mangapi. Tunapokaa pale guniani, ni wangapi kati yetu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake?

Nikamwuliza jina lake la ubatizo ni nani vile, maana pale hospitali hawakuniambia. Pascalia, akasema. Miaka kumi na minne tuko pamoja. Hata mimi ni Pascalia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekitoa kiti cha Onesmus kwenye pengo. Huwa kinakaa pale bado, mvua ikinyesha nakiingiza, ikiisha nakirudisha. Watoto wamezoea. Mguu mmoja umeliwa na mchwa, alikuwa ameegemezea jiwe bapa. Jiwe nimeliacha mahali pake.

Niliketi kwanza. Mara moja tu. Kutoka pale unaona barabara yote mpaka mtelemkoni. Kumbe ndiyo alikuwa anaona hivyo. Kumbe alikuwa anaweza kuniona nikitoka faktori tangu kule kwa mbali, na debe tupu, na nilikuwa nikifika ananiuliza umetoka wapi.

Samahani baba Mildred. Mahali pako nimepachimba shimo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu, shule zimefungwa. Naandika chai ikichemka, kwa hiyo haraka.

Nilichagua leo kwa sababu leo kuna mapigano ya fahali. Wakipeleka fahali uwanjani wanapita hapa mbele yetu, kundi zima, ngoma za isukuti zinalia, matawi mkononi, na hakuna mwanaume wa Malinya anayebaki kitandani. Mzee Chrispinus mwenyewe hupita. Phanuel alishaenda kuungana nao.

Niliposikia ngoma kule chini nikatoka na mche. Mama akatoka na kibuyu cha maji. Amevaa leso ile aliyoletewa na Phanuel. Mildred akatoka nyuma yetu. Nilimwambia asimame mbali. Nilimwambia asiguse udongo hata kidogo, wewe bado una maisha, tumbo lako bado. Kwangu sikuogopa tena, kwake naogopa, ndivyo nilivyo, sitajidanganya. Nilimwambia mara mbili.

Wakatokea mtelemkoni. Fahali mweusi mbele, vumbi, wanaimba. Nikapiga magoti pale kwenye pengo. Nikachana karatasi. Mizizi ilikuwa mizuri, myeupe. Nikauweka ndani.

Sikuinua macho lakini nilisikia. Kwanza sauti za mbele zikakatika. Kisha za katikati. Mpiga ngoma mdogo aliendelea peke yake kama mtu ambaye hajaambiwa, halafu naye akaacha. Nikasikia kwato tu, na fahali anavyopumua. Mtu mmoja akasema huyo anafanya nini. Mwingine akamjibu, si unaona.

Mche ukaanza kulala upande. Mkono mmoja ulikuwa na udongo, mwingine umenasa kwenye karatasi. Nikaona mkono unashika shina, unausimamisha wima. Nilidhani ni wa mama. Lakini mama alikuwa upande wa pili na kibuyu.

Mildred hakusimama mbali.

Nikashindilia kwa viganja, kuzunguka vidole vyake. Mama akamwaga maji polepole. Kisha akajinyoosha, akaishika nyonga, akawaambia wale wa barabarani kwa sauti ya kawaida tu, kama anayewaelekeza njia, kwamba fahali wao atapoa, waende. Na kwamba miti mingine mia na themanini ilipandwa na mikono hii hii na yake yeye, mwaka wa sabini na tisa, na wazee wakumbuke ni chai ngapi wamekunywa hapa tangu siku hiyo na hawajafa.

Hakuna aliyecheka. Mzee Chrispinus alivua kofia, akaivaa, akavua tena. Kisha wakaanza kutembea. Hawakuimba mpaka walipopita kona.

Phanuel ndiye alibaki. Tawi lake mkononi. Alisimama barabarani kama vile Onesmus alivyosimama siku ile. Kisha akaingia. Mildred akakimbilia ndani. Mama akaenda jikoni, akaniacha. Najua kwa nini aliniacha.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliangalia mche, akaangalia mstari wote mpaka mwisho, akarudi kuangalia mche. Midomo ilikuwa inahesabu. Akauliza kwa sauti ndogo sana, akiwa haniangalii.

"Mulamwa. Ule wangu ulikauka lini?"

Miaka kumi na saba. Kila akija hapa, kila akipita karibu na ghala, alikuwa anafikiri mti wake uko pale, mmoja wa hii. Alishawaonyesha watu. Nilimwona mwenyewe mwaka juzi amesimama na mtu wa Kabras, amepiga shina la pili kofi, kama mtu anayempiga mtoto wake begani.

Nilimwambia kaa, nikuletee chai. Ndiyo nimeingia. Nimekaa hapa na kalamu badala ya kumjibu.

Mama yuko nyuma yangu. Anasema ni wewe wa kumwambia, mimi nilimdanganya mara moja inatosha. Mildred ananawa mikono kwenye beseni, ananawa mno, nimemwambia aache, udongo tu.

Chai imechemka. Nimetoa kikombe cha Onesmus, nikakirudisha, nikakitoa tena.

Kupitia dirisha namwona. Ameketi kwenye jiwe lile bapa, mche uko katikati ya magoti yake. Tawi ameliweka chini. Ameinama. Anafungua kamba za kiatu. Sijui kama ni changarawe imeingia au ni nini. Amevua kimoja. Mguu mtupu uko kwenye nyasi, karibu kabisa na shina. Haukanyagi. Umekaa tu.

Natoka.